Oscar wa Lubumbashi alistahili kulipwa kama wenzake

Msimu wa 2021/22 hakuna mchezaji wa kikapu wa chuo nchini Marekani aliyemfikia Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi. Akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, na tuzo kubwa za mchezaji bora wa mwaka zikamwendea yeye. Msimu huohuo ndio wanafunzi walioanza kuvuna fedha kwa majina na sura zao, kwa sababu Julai 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kilikuwa kimeondoa katazo lake la miaka mingi. Wenzake wakasaini mikataba ya matangazo. Oscar alikuwa akiishi kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na viza hiyo inabana sana kazi ya kipato. Agosti 2022 Kentucky ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, ndipo akafanya kazi za wadhamini, maana huko alikuwa nje ya ardhi ya Marekani.

Mchezaji bora wa nchi nzima anavuka bahari ili aruhusiwe kupiga picha ya tangazo! Huo ni uonevu, na unawaangukia zaidi vijana wanaotoka kwetu.

Zamani kikwazo kilikuwa NCAA yenyewe. Mwaka 2010 Kentucky hiyohiyo ilimleta Enes Kanter wa Uturuki. NCAA ikachunguza miaka yake katika klabu ya Fenerbahçe na kusema kuwa msimu wa 2008/09 alipokea dola 33,033 zaidi ya gharama zake halali. Alikuwa na miaka 16. Kwa hesabu hiyo akahesabiwa si mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa, tena, akafungiwa moja kwa moja, asicheze hata dakika moja ya chuo. Juni 2011 Utah Jazz wakamchagua namba 3 katika drafti, uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. NBA haikujali kabisa fedha za Fenerbahçe.

Leo ukuta huo umebomoka. Desemba 2025 chuo cha Baylor kilimchukua James Nnaji wa Nigeria, ambaye alikwisha kuchaguliwa namba 31 katika drafti ya 2023 na kuichezea Barcelona, naye akaruhusiwa kucheza chuo. Wapo makocha waliokasirika, na hasira yao naielewa. Tena tangu msimu wa 2025/26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa msimu huo wa kwanza. Kwa hiyo habari ya ridhaa imekwisha. Kilichobaki ni viza, na viza haiko mikononi mwa NCAA.

Wapo wanaosema: kijana wa kigeni avumilie tu, fedha zake ziko NBA. Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inamtazama mtu kama Khaman Maluach na kumsahau mtu kama Oscar. Maluach, wa Sudan Kusini, alikulia Kawempe, Kampala. Akapita akademi ya NBA kule Saly, Senegal, akacheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, misimu mitatu, wa mwisho akiwa na City Oilers ya Uganda, na bado akabaki na haki ya kucheza chuo. Akakaa chuo cha Duke mwaka mmoja tu. Juni 2025 akachaguliwa namba 10 na sasa yuko Phoenix Suns. Mtu wa mita 2.18 mwenye miaka 18, maskauti wanamsubiri. Kwake yeye mwaka mmoja wa kubanwa na viza unapita.

Oscar je? Juni 2023 majina ya drafti yaliitwa usiku kucha, lake halikuitwa. Sababu zinajulikana kwa yeyote aliyemtazama: ni senta wa takriban mita 2.06, ambaye hatupi kutoka mbali na si mzuiaji mkubwa wa mipira ya wapinzani karibu na kikapu. Ribaundi zake zilimpatia mkataba wa kugawanya muda kati ya Indiana Pacers na timu yao ndogo, na baadaye mwingine kama huo Utah. Drafti ina nafasi zisizozidi 60 kwa mwaka, kwa dunia nzima. Kwa wachezaji wengi wa chuo, hata walio hodari sana, miaka ile ya chuo ndiyo kilele cha thamani ya majina yao. Oscar alikuwa nyota Kentucky, ambako mashabiki wangenunua chochote chenye jina lake, na wakati huo ndio viza ilikuwa imemfunga mikono.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Yaani alipwe kwa kupanga vitabu maktaba, ni sawa. Alipwe kwa jina lake lililoandikwa kwenye jezi inayouzwa dukani, aanze kuhofia kurudishwa kwao. Bunge la Marekani linaweza kurekebisha hili kwa kifungu kimoja: mwenye F-1 anayesoma na kufaulu alipwe na chuo na wadhamini kama mwanafunzi mzawa.

Kabla hilo halijafanyika, mzazi wa Dar, Kampala au Lubumbashi anayepigiwa simu na kocha wa Marekani amuulize mambo mawili kabla ya kuuliza habari za drafti: mwanangu ataingia kwa viza gani, na mwanasheria wa uhamiaji wa chuo ni nani? Majibu ayapate kwa maandishi.