Waacheni Mnandi na Kifusi Chao

Jijini Toronto, Kanada, kuna rasi ya kilomita 5 hivi iliyochomoza ndani ya Ziwa Ontario. Ni kazi ya malori. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mamlaka ya bandari ilimwaga humo zege, matofali na nondo zilizopinda, mabaki ya majengo yaliyobomolewa mjini. Ilitaka bandari ya nje, ikitarajia meli nyingi baada ya njia ya meli ya Mto Saint Lawrence, inayotoka Bahari ya Atlantiki, kufunguliwa mwaka 1959. Meli hizo hazikuja kwa wingi uliotarajiwa. Wakubwa wakiwa bado wanajadiliana, upepo na maji vilileta mbegu, na miti ikaota katikati ya kifusi.

Leo zaidi ya aina 300 za ndege zimeonekana pale. Mnandi, ndege weusi wa majini wanaokula samaki, wana makoloni makubwa sana, na kinyesi chao kinaua miti wanayojengea viota. Wapo wanaokereka. Mimi nasema waachwe: mti ukianguka, mnandi wengi huhamia kutaga chini, na maisha yanaendelea bila kibali chetu.

Kilichoiokoa rasi hii ni watu wakaidi. Katika miaka ya 1970 palipangwa hoteli, ukumbi wa wazi wa maonyesho na vilabu vya mashua. Mwaka 1977 wananchi waliunda kikundi cha Friends of the Spit (Marafiki wa Rasi), wakadai pabaki pori. Nawavulia kofia, kwa sababu kuitetea ardhi inayoonekana kama jalala ni kazi ngumu kuliko kuutetea msitu mzuri.

Sisemi kila mahali paachwe tu. Jirani na hapo, kwenye eneo la bandari lililofukia kinamasi kikubwa cha Ashbridges Bay, udongo ulikuwa umelowa mafuta, ikabidi uchimbwe ili Mto Don upate mdomo mpya. Na mwaka 2021, wakati wa uchimbaji, mimea ya kinamasi ilichipua kutoka kwenye mbegu zilizolala chini ya kifusi kwa takribani miaka 100. Habari hiyo ilinisisimua mno!

Kwa hiyo miji yenye magati yaliyokufa ianze kwa kuondoa sumu, kisha isubiri kabla ya kuita wajenzi. Na mbwa wabaki nyumbani, kama Toronto walivyoamua kwa rasi hii: shakwe na membe hutaga chini, na mbwa mmoja tu aliyefunguliwa anatosha kuwafukuza kwenye mayai yao.