Ughaibuni hedifoni, nyumbani spika ya jirani

Wabongo tunaoishi Uingereza tukirudi likizo lalamiko letu la kwanza ni kelele. Spika ya baa, spika ya fundi simu, na usiku kigodoro, ile ngoma ya mtaani, mtaa wa pili mpaka alfajiri. Mimi nimeacha kulalamika. Kelele zile ndizo zilizonifundisha muziki, tena bure.

Enzi zile daladala ya Ubungo–Kariakoo, mwenye kaseti ni dereva, abiria huulizwi. Unapanda na Sikinde, bendi ya dansi, mkifika Magomeni anaimba Shakila wa taarab, halafu Juma Nature wa Bongo Fleva, halafu kwaya, na konda anaitikia zote. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa mtu wa Msondo, bendi hasimu ya Sikinde, na mtu wa Msondo hataki kusikia habari za Sikinde, ni Simba na Yanga kabisa. Ukipanga kwake, ndani ya miezi michache unazijua nyimbo zote na hujanunua kaseti hata moja.

Huku Bristol kila abiria ana hedifoni zake. Kuna bwana hukaa karibu nami kwenye basi la asubuhi, anatikisa kichwa kweli kweli, na sijui mpaka leo anakitikisia nini. Ninapokaa nako ni ukimya: jirani alishagonga ukuta saa mbili usiku, na ilikuwa dansi ya Mbaraka Mwinshehe, sauti ya chini! Programu ya muziki kwenye simu ndiyo inanichosha zaidi. Ukisikiliza dansi inakuletea dansi, na kesho dansi tena. Haina ujeuri wa yule dereva wa kukurushia kitu ambacho hukukiomba.

Ila haki isemwe. Nyumbani nilijua nyimbo, sikujua albamu. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, wimbo unapigwa hewani, basi. Kaseti nyingi za mtaani kwetu zilikuwa mchanganyiko wa kurekodiwa dukani. Kusikiliza kazi ya mtu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, nimejifunzia huku, kwenye treni na kwenye ile Januari ambayo huna pa kwenda.

Chukua Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi. Dar jina lake ni kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Huku nilikuta santuri yake, Songs for the Poor Man ya 1989, kwenye duka la mitumba la hisani, imebanwa katikati ya nyimbo za Krismasi. Ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, ambayo studio yake iko kijiji cha Box, njia ya treni ya kwenda London. Kipenda Roho nimeisikia harusini tangu utoto, nikidhani naijua. Kwenye santuri ndipo nilipoyasikia magitaa yakijibizana, hili linauliza, lile linamalizia, na besi chini yake inatembea bila haraka. Spika ya daladala ilikuwa inayameza yote hayo na kutuachia sauti ya Remmy na vumbi.

Baada ya hapo nikairudia albamu ya rapa Professor Jay, Machozi Jasho na Damu ya 2001, nzima. Kisha mwenzangu wa kazini akanipa Dummy ya Portishead, 1994, bendi ya hapa hapa. Mwimbaji wao, yule dada Beth Gibbons, analalama kama mtu aliyeachwa na mume mtaani Ng'ambo, Unguja. Nikamwambia mwenzangu huyu angezaliwa Unguja angeimba taarab. Hakunielewa, nikamwekea Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Akanyamaza, akaomba nirudie.

Kinachonikera sasa ni wasanii wetu kutoa wimbo mmoja mmoja kila wiki kama vocha. Nilimwambia hivyo mpwa wangu, akacheka: "Anko, nani ana muda wa kusikiliza albamu nzima?" Anaishi Mbagala, anafanya kazi Posta. Foleni ya asubuhi peke yake inatosha albamu mbili.