Hivi Mjerumani Nafasi Kati ya Maneno Analipia?

Jamani hawa watu wananimaliza. Karatasi tu ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli unakaa kwake, eti inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, herufi 24, silabi nane, na dada wa dirishani anaitaja kwa pumzi moja halafu anakukodolea macho anasubiri ujibu. Ujibu nini sasa wakati wewe bado uko kwenye Wohnung?

Na hiyo s pale katikati, Wohnungs, ukiuliza ya nini unaambiwa ya kuungia tu, maana haina, imening'inia mlangoni kama konda. Neno likiishia na -ung basi s lazima ipande, sawa, lakini mlango wa nyumba ni Haustür, hamna s hapo, kwa nini? "Ndivyo inavyosikika." Haya.

Ila kinachoniua hasa ni mkazo. Kwetu mkazo unajulikana makazi yake, silabi ya pili kutoka mwisho, hata uniletee hatutawapikishia nitaukuta palee kwenye -shi- umetulia. Wenzetu wanautupa mwanzoni, KRANkenhaus, yaani hospitali, halafu kitu chenyewe kinachosemwa, pamoja na der die das yake, yaani jinsia ya neno, kiko mkiani kabisa, kwa hiyo masikio yakae macho huku na huku, ukisinzia kidogo tu imekula kwako. Mfano Staubecken. Ukiikata Stau-becken ni bwawa, ukiikata Staub-ecken ni kona zenye vumbi. Herufi zilezile!

Jimbo lao moja, Mecklenburg-Vorpommern, ndo walitia fora, 1999 walitunga sheria ya mambo ya ukaguzi wa lebo za nyama ya ng'ombe, jina herufi 63, Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, vuta pumzi kwanza, wakaja kuifuta 2013. Ng'ombe mwenyewe kaliwa zamani watu bado wanataja jina.

Sasa nimeambiwa nijifunze gari. Kuna neno umfahren. Mkazo ukiwa mbele, UMfahren, ni kumgonga mtu ukamlaza chini. Mkazo ukiwa kwenye fahren, umFAHren, ni kumkwepa. Yaani mwalimu akiwa na mafua siku hiyo, sauti ikamkatika kidogo tu, mimi nimeua mtu! Na bima ya hayo majanga ndo Kraftfahrzeughaftpflichtversicherung, herufi 36, hapo polisi kashasimama dirishani anaiulizia.

Mi napanda treni bwana.