Mediapro, Ufaransa na dau lililokosa mlipaji

Kila mkataba wa televisheni wa ligi ya soka unapotangazwa, kinachoshangiliwa ni tarakimu. Bilioni ngapi, kwa miaka mingapi, basi. Anayelipa ni nani, fedha atazitoa wapi, na asipolipa itakuwaje, hayo huachiwa wanasheria. Naandika kuhusu Mediapro kwa sababu sijaona kisa kingine kinachoonyesha wazi hivi hasara ya kuyapuuza maswali hayo.

Mediapro ni kampuni ya Barcelona, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Jaume Roures, Tatxo Benet na Gerard Romy. Kazi yake ya msingi ni uzalishaji: kamera, mafundi, magari ya matangazo yanayoegeshwa nje ya uwanja. Picha za La Liga, ligi kuu ya Hispania, zinazofika hadi kwenye mabanda yetu zimepitia mikononi mwao kwa miaka mingi, na kwa kazi hiyo nawavulia kofia. Ni mafundi wa kweli. Ila kampuni hii ina mguu wa pili: kununua haki za matangazo kwa jumla na kuziuza rejareja kwa vituo vya televisheni. Hapo hauuzi tena ufundi. Unaweka dau kwamba kuna mtu atanunua kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia.

Mwanzoni mwa 2018 waliweka dau Italia, zaidi kidogo ya euro bilioni moja kwa msimu kwa ajili ya Serie A, ligi kuu ya huko. Waitaliano walifurahi, kisha wakadai dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki kulipa mnunuzi akishindwa. Dhamana waliyoitaka haikuja, na mwishoni mwa Mei wakavunja mkataba. Mwezi uliofuata waliziuza haki zile zile kwa vituo vya kulipia vya Sky na DAZN kwa takribani milioni 973 kwa msimu. Walipungukiwa kidogo, lakini wakalala usingizi.

Wiki ile ile Italia ikivunja mkataba, bodi ya ligi ya Ufaransa, LFP, ilikuwa Paris ikifungua bahasha za zabuni yake. Mediapro ilibeba sehemu kubwa ya mechi za Ligue 1, ligi kuu ya Ufaransa, za kuanzia 2020 hadi 2024 kwa takribani euro milioni 800 kwa msimu. Ukijumlisha na wanunuzi wengine, ligi ilijihesabia bilioni 1.153 kwa mwaka. Canal+, televisheni ya kulipia ya Ufaransa iliyokuwa na ligi hiyo tangu kituo kilipoanza mwaka 1984, ilitoka mikono mitupu. Na dhamana ya benki? LFP iliridhika na ahadi ya kampuni mama ya Mediapro yenyewe. Yaani mdaiwa alidhaminiwa na mzazi wake, ambaye mali zake ni huyo huyo mdaiwa. Watu wengi Ufaransa wamemtupia Roures lawama zote. Mimi nawalaumu zaidi waliokuwa upande wa pili wa meza, kwa sababu habari za Italia zilikuwa magazetini siku hizo hizo.

Mediapro haikupata wa kumuuzia rejareja kwa bei iliyoitaka, ikaamua kuanzisha kituo chake. Agosti 2020 Téléfoot ikawa hewani, kwa jina lililokodiwa kutoka kituo cha TF1, pamoja na watangazaji wanaopendwa, Grégoire Margotton na Bixente Lizarazu. Bei ilikuwa euro 25.90 kwa mwezi. Lengo lilikuwa wateja milioni tatu na nusu. Waliopatikana ni kama laki sita. Chukua kalamu. Laki sita mara 25.90 ni kama milioni 15.5 kwa mwezi, kabla ya kodi, kabla ya mgao wa wenye ving'amuzi, kabla ya mishahara. Awamu moja ya malipo kwa ligi ilikuwa milioni 172. Hata ukikusanya kila senti kwa miezi kumi na moja, hufiki. Na awamu kama hizo zilikuwa kadhaa kwa mwaka.

Awamu ya Agosti ililipwa. Ya Oktoba haikulipwa. Roures alitaka bei ipunguzwe kwa sababu ya Korona, kampuni ikakimbilia ulinzi wa mahakama ya biashara ya Nanterre, na Desemba pande mbili zikakubaliana kuachana: Mediapro ilipe milioni 100, irudishe haki, iende. Mapema Februari 2021 Téléfoot ilizimwa. Korona ilikuwepo kweli, na baa zilizofungwa ziliondoa wateja. Hata hivyo msimu ule mashabiki walizuiwa viwanjani, televisheni ndiyo ikawa mlango pekee wa kuiona timu yako. Kama watu hawakununua wakati huo, wangenunua lini?

Kinachoniuma ni kwamba waliobeba mzigo hawakuwa mezani. Klabu zilikuwa zimeshasajili na kupanga mishahara kwa fedha ambazo hazijaingia, na ligi ikaenda kukopa ili mambo yasisimame. Aprili 2021 wamiliki wa klabu ya Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa wa 2009, walitangaza kwamba hawataweka tena fedha, na kati ya sababu walizotaja ni Korona na kuondoka kwa Mediapro. Bordeaux ilikuwa na matatizo yake mengine mengi, hilo siwezi kulificha. Mwaka uliofuata ilishuka daraja, na mwaka 2024 ikapoteza hadhi ya klabu ya kulipwa. Klabu ya Zinedine Zidane kabla ya Juventus.

Na jeraha halikupona. Canal+ ilimalizia msimu kwa takribani milioni 35 tu. Kisha Amazon ikapewa mechi nane za kila raundi kwa milioni 250 kwa mwaka, huku Canal+ ikidaiwa milioni 332 kwa mechi mbili zilizobaki, ilizokuwa imezichukua kutoka kwa beIN, mmoja wa wanunuzi wa 2018. Unaweza kuelewa kwa nini waliona wametukanwa, wakaenda mahakamani, na zabuni iliyofuata wakaisusa. Mwaka 2022 ligi ikauza asilimia 13 ya mapato yake ya kibiashara, bila ukomo wa muda, kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC kwa bilioni moja na nusu. DAZN ikaja 2024, ikaondoka baada ya msimu mmoja. Mei 2025 Paris Saint-Germain waliifunga Inter mabao matano kwa bila kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, na miezi hiyo hiyo ligi ya nyumbani kwao haikuwa na mnunuzi. Ikabidi LFP ifungue kituo chake, Ligue 1+, kwa euro 14.99 kwa mwezi.

Kwetu mambo haya hayako mbali. Canal+ ile ile imekamilisha mwaka 2025 ununuzi wa MultiChoice, wenye DStv na SuperSport. Wakenya nao wanakumbuka 2017, SuperSport ilipojiondoa kwenye ligi yao kufuatia mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, na jinsi klabu zilivyobaki zikihangaika.

Tanzania, Azam Media ilisaini Mei 2021 mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wa shilingi bilioni 225.6. Wapo wanaosema ni fedha kidogo. Mimi nauona mkataba huu kuwa na afya kuliko ule wa Paris, kwa sababu mnunuzi ana king'amuzi chake, kamera zake, na wateja wanaolipia kifurushi kila mwezi. Hategemei kumuuzia mwingine. Wasiwasi wangu uko kwingine: yuko peke yake. Akikohoa, klabu ndogo zote zinalazwa.

Kwa hiyo, muda wa kujadili mkataba utakaofuata huu unaoisha 2031 utakapofika, naomba viongozi wa klabu, hasa zile zisizo na tajiri nyuma yake, wasianze na bei. Waombe dhamana ya benki yenye jina la benki. Waulize malipo yatafuata tarehe zipi na awamu ikichelewa nani anamiliki picha. Waulize pia kama bodi inayo akiba ya kulipa mishahara ya miezi mitatu endapo mnunuzi ataondoka katikati ya msimu. Na kabla ya hapo, yeyote asisajili mchezaji kwa awamu ambayo haijaingia benki.