Mkono wa Kushoto Ulioniponza

Nilipata kibarua cha siku tatu kwenye mnada wa magari ya zamani huko Florida: kuyapandisha jukwaani na kuyashusha, basi. Mimi niliyelishinda Canter la mchanga Mbagala, hicho nacho ni kibarua?

Zamu yangu ikaangukia Chevelle SS ya 1970, gari la Chevrolet la Kimarekani, injini aina ya LS6, nguvu farasi 450. Kwetu gari la umri ule ni mkweche, lingekuwa banda la kuku. Pale wazee wenye mvi, waliolitamani wakiwa vijana bila senti, walilizunguka kama bibi harusi. (Watoto wao wanawania Toyota Supra za miaka ya 90.) Mmoja alilala chali kabisa, anamulika namba za injini kwa tochi. Injini ikiwa ile ile ya kiwandani, bei inapaa. Ikiwa ya kupachika, umenunua jina. Hili lilikuwa na mpaka karatasi ya kiwandani, iliyokutwa juu ya tangi la mafuta. Kila kitu orijino, alisisitiza dalali, anayeongea kama konda wa Gongo la Mboto aliyeona trafiki.

Bei imefika dola 95,000, msimamizi akaniashiria nisogee kidogo. Sasa mimi udereva nimejifunzia usukani wa kulia, na wa hili uko kushoto, ubavuni mwa mlango. Nikibabaika, mkono wa gia ni wa kushoto. Ukaenda wenyewe, ukashika kitu, nikavuta kutafuta namba moja. Kak! Hendeli ya kioo cha mlango hiyo, imebaki mkononi.

Kioo kilikuwa chini. Nikaitoa nje, nikainyanyua ili msimamizi aone.

"Yep!" akapiga ukelele kijana anayevizia mikono ya wanunuzi. Dalali hakuvuta hata pumzi: laki moja! Nimepandisha dola 5,000, na mfukoni nina hela ya mkate wa soseji.

Ukumbi ulipoelewa, ulicheka mpaka dalali akanyamaza. Bei ikarudishwa nyuma, gari likaondoka kwa 110,000, bado asilimia 10 ya juu ambayo mnunuzi anaulipa mnada.

Jioni nasubiri basi, namwona babu aliyelinunua anakuja mbio na mkongojo.

"Kijana, hendeli yangu!"

Nikapapasa suruali. Imo, pamoja na funguo za nyumbani. Akaipokea, akaigeuza mara mbili.

"Na klipu yake?"

Basi likapita. Tulikuwa tumeshapiga magoti jukwaani, yeye na tochi, mimi na simu.