Nyaraka Kwanza, Baridi Baadaye

Kazi yenyewe ni kufunga AC nne za BTU elfu 12 kwenye ofisi moja huko Masaki, Dar es Salaam. Nimekwenda, nimepima ukuta, bosi kanichekea kama shemeji yake. Jioni inaingia meseji: "Fundi, tuma TIN, leseni ya biashara, cheti cha kodi, usajili wa CRB (bodi ya wakandarasi) na bima." AC walizonazo sasa zilifungwa na mpwa wa mlinzi, mojawapo imewekewa ndoo chini, lakini mimi ndiye wa kuleta nyaraka.

Haya. TIN ninayo. Leseni ya manispaa ninayo, ingawa walitaka mkataba wa pango, na ofisi yangu ni begi, ngazi na laini ya simu. Shangazi akanipa kona ya duka lake. Kwa hiyo kisheria kabisa, kampuni ya viyoyozi iko katikati ya vitenge na khanga. CRB unaanzia daraja la tatu la wakandarasi maalumu, wanataka mtaalamu mwenye vyeti. Hiyo tuiache kwanza.

Bima sasa, ile ya kulipia hasara nikiharibu mali ya mteja.

Nimevaa shati la harusi. Dada wa kaunta akasema, "Karibu mkurugenzi." Nikakaa kama mkurugenzi, mguu juu ya mguu. Akachukua fomu.

"Mnafanya kazi za kupanda juu?"

"Dada, ile mashine ya nje haifungwi uvunguni."

"Juu kiasi gani?"

"Ghorofa ya tano, wakati mwingine."

"Mnatumia jukwaa?"

"Tunatumia dogo. Anatokea dirishani, mimi namshika mkanda."

Hakucheka. Nikachungulia alichoandika: *Mkanda wa usalama: upo.*

"Mnatumia moto?"

"Bomba la kopa likitaka kuchomelewa, utalichomeleaje bila moto?"

"Na gesi?"

Hapo usomi ukanipanda. Nikamweleza taratibu kwamba gesi ya AC za zamani, R22, haiwaki kirahisi ila inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inaiondoa sokoni. Mashine mpya nyingi zina R32, hii haigusi ozoni, ila inawaka kidogo. Si kama gesi ya kupikia, lakini inawaka.

Kalamu ikasimama.

"Kwa hiyo mnawasha moto, karibu na gesi inayowaka, ghorofa ya tano, mmeshikana mkanda?"

"Ukiipanga hivyo, dada, hata mimi nisingejikatia."

Akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na kikombe cha chai, akasoma fomu, akanitazama mimi, akasoma tena, akarudi na chai yake. Mguu wangu ukashuka wenyewe.

Nikauliza maswali yangu na mimi. AC ikidondoshea maji kompyuta ya mteja? Wanalipa kompyuta, ila sehemu ya kwanza ya hasara natoa mimi. Na kuifunga upya hiyo AC? Juu yangu, bima hailipii kazi mbovu. Dogo akianguka? "Huyo ni mfanyakazi wako, hayumo kwenye bima hii. Umemsajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi?" Mchango ni nusu asilimia ya mshahara. Dogo namlipa kwa siku, na siku nyingine namlipa chipsi mayai. Nusu asilimia ya chipsi mayai ni kijiti.

Halafu bei, na juu yake VAT asilimia 18, na hakuna cha nitamalizia mwisho wa mwezi: hujalipa, huna bima.

Mimi sikatai, jamani. Dogo akichomoka pale dirishani nitamwambia nini mama yake? Lakini huyu anayedai nyaraka zote hizo ndiye atakayenilipa baada ya miezi mitatu, tena kwa kupigiwa simu, tena simu ya tano anapokea mtoto anasema baba yuko kuoga. Na nikichelewa kuzipata, kazi atapewa yuleyule mpwa wa mlinzi, mwenye bisibisi moja na imani.

Na hizo AC nikishazifunga mtazitumiaje? Ndiyo nilitaka kusema tangu mwanzo. Mtu anaingia kutoka juani, anaipeleka rimoti hadi 16 kana kwamba baridi itakuja mbio. Haiji mbio! Inakuja mwendo wake uleule, ila haijui pa kusimama. Saa sita usiku amejifunika blanketi zito lenye picha ya simba, meno yanagongana, asubuhi ananipigia: "Fundi, hii kitu inakula umeme." Ongeza namba mama. Weka 24. "Sasa si itakuwa joto?" Nikamwambia azime basi, afungue dirisha. Akasema kuna mbu.