Kuku wa Mayai: Kumpanulia Banda au Kuacha Yai?

Januari 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya betri, yaani vya waya vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo kila kuku alitengewa sentimita za mraba 550. Karatasi ya A4 ina takriban 624. Humo kuku hanyooshi mabawa, hana pa kuparua, hana pa kujificha akitaka kutaga.

Ushindi huo uliwagawa wanaharakati wa haki za wanyama. Wavigani wengi, yaani wasiotumia chochote kitokanacho na mnyama, husema sheria ilimtuliza mlaji tu. Hoja yao ina uzito. Kizimba "kilichoboreshwa" bado kinaruhusiwa: sentimita za mraba 750, kiota, na fito ya kulalia ya sentimita 15 kwa kila kuku. Tena, banda lolote liwe kubwa vipi halimwokoi kifaranga dume. Hatagi, na kwa kuwa ni wa mbegu ya mayai hanenepi upesi, kwa hiyo huuawa mara tu anapoanguliwa. Ujerumani ilikataza jambo hilo 2022.

Hata kuku wasiofungiwa wana mateso yao. Kizimbani kuku anayewadonoa wenzake huwafikia wachache. Kwenye banda la maelfu, tabia hiyo huenea, hasa maranda yakilowa, chakula kikibadilishwa ghafla au mwanga ukizidi. Wafugaji wengi hujibu kwa kukata midomo. Kuku wakishtuka hurundikana pembeni, wa chini wakakosa hewa. Mfupa wa kidari nao huvunjika kuku anaporuka kutoka juu, kwa kuwa madini ya chokaa yamekwenda kwenye maganda ya mayai. Dawa yake inaanza mapema: kifaranga azoezwe fito tangu wiki za mwanzo.

Pamoja na hayo, naona wanaodai sheria wako sahihi zaidi. Kampeni ya Ulaya ya kuondoa vizimba vyote ilikusanya sahihi takriban milioni 1.4, na walaji mayai walikuwamo. Tume ya Ulaya iliahidi 2021 kuleta muswada kabla ya 2023 kwisha, haukuja. Kuku aliye ndani leo hawezi kungoja dunia nzima iache mayai.

Vizimba vya betri vinauzwa sasa Nairobi na Dar es Salaam. Mfugaji akishazika mtaji kwenye waya, sheria humwia ngumu; Ulaya iliwapa wake zaidi ya miaka 12 ya kubadilisha, kuanzia 1999 sheria ilipopitishwa.